Dilolo: Land Cruiser iliyozeeka inapogeuzwa gari la kuni

Kwenye barabara inayotoka Kolwezi hadi Dilolo, kupitia Mutshatsha na Kasaji, gari dogo la mjini halifiki mbali. Ni safari ya zaidi ya kilometa 400, ikifuatana na njia ya reli. Kuna sehemu za mchanga mtupu, na mvua zikianza, Oktoba au Novemba, sehemu nyingine zinageuka tope. Ndiyo maana Land Cruiser au Land Rover iliyozeeka haitupwi ovyo katika Lualaba. Milango inaweza kuliwa na kutu. Shasi na injini zikiwa nzima, gari bado lina bei.

Kwa mwenye mshahara wa mgodini na siku za mapumziko, kuligeuza gari kama hilo kuwa la kubeba kuni ni burudani nzuri ya Jumamosi. Ila ni burudani inayobeba tani nzima, na kosa lake linaweza kuua.

Mafundi wanaipenda Land Cruiser ya aina ya 75 yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, inakunywa mazutu, haina turbo wala kompyuta. Land Rover nayo ina historia yake. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwaka 1948, ilikusudiwa wakulima. Iliweza kufungwa kifaa cha kutoa nguvu ya injini nje, kisha mkanda ukazungusha msumeno wa duara na kupasua kuni papo hapo shambani. Kwa hiyo anayeipeleka porini leo anairudisha kwenye kazi yake ya zamani.

Kazi inaanza kwa kuvua: viti vya nyuma, vioo, paa la nyuma. Kwa kuwa uzito unabebwa na shasi, sehemu ya nyuma inaweza kukatwa na kuwekwa karoseri ya bomba za chuma, yenye kuta zinazotolewa. Kitu cha kwanza kuchomelewa kiwe wavu mzito wa chuma nyuma ya dereva. Wengi wanauacha mpaka mwisho, au hawauweki kabisa. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama lakini magogo yanaendelea na safari, na mbele yao kuna kichwa cha mtu.

Halafu zinakuja springi. Fundi anaongeza vyuma viwili vitatu, sehemu ya nyuma inainuka, mwenye gari anafurahi. Lakini ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, na breki ni zile zile zenye umri wa miaka 30. Springi nene zinaficha uzito tu.

Na uzito wenyewe unadanganya macho. Karoseri ya urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.7, ikijazwa muputu mbichi hadi nusu mita tu, inaweza kupita tani moja hata ukitoa nafasi zilizo kati ya vipande. Gari la aina hii limetengenezwa kubeba karibu tani hiyo hiyo. Bado hapo hawajapanda wasafiri wanaokaa juu ya mzigo, jambo ambalo halifai kabisa. Kuni zilizokatwa Mei na kuachwa zikauke hadi Agosti ni nyepesi zaidi, na zinawaka vizuri.

Kuna hesabu nyingine, ya pori. Kolwezi inapokea umeme kupitia njia ya waya ya kilometa 1,700 hivi kutoka Inga, uliovutwa kwa ajili ya migodi, huku jamaa nyingi mjini zikipika bukari kwa makala. Tanuru la udongo linahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makala. Na Land Cruiser inafika mahali ambapo kinga haifiki. Anayekata kuni kwa kuuza anapaswa kuwa na ruhusa, kufuatana na sheria ya misitu ya Agosti 2002.

Upande wa pili wa mpaka, Angola, kampuni ya reli ya Benguela iliielewa hesabu hiyo zamani. Garimoshi zake za mvuke zilikula kuni, hivyo ilipanda misitu ya kaliptusi kando ya njia ili kuzilisha. Leo reli hiyo hiyo inasafirisha shaba ya Lualaba hadi Lobito, kwa mazutu.

Mwenye gari moja hahitaji msitu mkubwa namna ile. Kaliptusi ikikatwa, kisiki chake kinachipuka tena. Muputu nao unachipuka, ikiwa moto wa kiangazi haukuyapitia machipukizi, lakini unachukua miaka mingi zaidi kufikia unene wa kuni.