Kubadili Injini ya Pikipiki Ndogo: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kukaza Bolti

Injini ya pikipiki ndogo huweza kuchakaa wakati fremu yake bado ni nzima. Silinda yaweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Lakini ikiwa imekwisha kuchongwa mara kadhaa, au krenki imelegea, gharama ya matengenezo huikaribia bei ya injini nyingine. Ndipo fundi wa Mfaranyaki, mjini Songea, kama wenzake wa kwingineko, huulizwa: je, injini hii yaweza kufungwa katika fremu ile?

Jibu la mkato ni kwamba ikienea kwenye bolti zake, itafungwa. Jibu hilo lina upungufu. Injini yaweza kukaa sawasawa katika fremu na bado ikawa hatari kwa mpandaji. Makala haya yanaeleza mambo ambayo hayana budi kupimwa kwanza.

Ukoo wa injini ndogo

Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo Super Cub, yenye injini ya sentimita za ujazo 49. Silinda yake haikusimama wima, bali ililazwa mbele karibu sambamba na ardhi. Mwaka 1961 kampuni hiyo ilitumia injini ya aina hiyo kuunda kijipikipiki cha kuchezea katika bustani ya starehe ya Tama Tech, karibu na Tokyo. Kufikia mwaka 2017, pikipiki za Super Cub zilizotengenezwa zilikuwa zimepita milioni 100.

Muundo huo uliigwa na viwanda vingi, hasa vya China. Injini nyingi za ukoo huu hushikwa kwenye fremu kwa bolti mbili kubwa, na nafasi za bolti hizo hufanana. Kwa sababu hiyo injini kubwa huweza kuingia mahali pa ndogo bila fremu kukatwa. Wepesi huo ni faida, lakini pia ndio unaomfanya mtu asahau kupima mengine.

Ujazo na hewa ya Songea

Ukubwa wa injini hupimwa kwa ujazo ambao pistoni huufagia ndani ya silinda. Silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 41.4 hutoa sentimita za ujazo 72. Ile yenye kipenyo cha milimita 52.4 na mwendo wa milimita 49.5 hutoa 107. Kwa hiyo anayeondoa injini ya kwanza na kufunga ya pili ameongeza ujazo kwa karibu nusu.

Hata hivyo, nguvu haitokani na ujazo mtupu, bali na wingi wa hewa inayoingia na kuunguza petroli. Mji wa Songea uko yapata mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Injini ya sentimita 107, ikiwa Songea, huvuta hewa kama ya injini ya sentimita 96 hivi iliyoko Dar es Salaam.

Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikiletwa Songea, huelekea kutoa petroli nyingi kupita kiasi. Dalili zake ni moshi mweusi, masizi makavu kwenye plagi, na tangi kuisha upesi. Dawa yake ni kuweka jeti, yaani kile kitundu cha kupitisha petroli, yenye tundu dogo zaidi, kisha kuitazama tena plagi baada ya safari. Chujio la hewa lisiondolewe kamwe kwa kutafuta nguvu: vumbi la barabara za udongo huila silinda kama tupa ilavyo chuma.

Meno na mnyororo

Injini mpya huja na gia zake za ndani. Kazi ya fundi ni kuzilinganisha na gurudumu la nyuma. Ichukuliwe kwamba injini huzunguka mara 6,000 kwa dakika, na gia ya juu kabisa huupunguza mzunguko huo mara 3.6. Gurudumu la meno la mbele lina meno 14 na la nyuma 42. Hapo mzunguko hupunguzwa tena mara 3. Jumla ni mara 10.8, hivyo gurudumu la nyuma huzunguka kama mara 556 kwa dakika. Ikiwa mzingo wa tairi ni mita 1.75, mwendo utakuwa karibu kilomita 58 kwa saa.

Gurudumu la meno la nyuma likibadilishwa na kuwekwa la meno 35, mwendo kwa mzunguko ule ule wa injini utakuwa kilomita 70 kwa saa. Lakini nguvu ya kusukuma kwenye tairi itapungua kwa sehemu moja ya sita. Mtu anayebeba mzigo kupanda milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, atakuwa amejinyima nguvu aliyoinunua. Kwa upande mwingine, vijipikipiki vya tairi ndogo, zenye mzingo wa mita 1.2 hivi, vitakwenda kilomita 40 tu kwa meno yale ya kwanza. Hapana kipimo kimoja kinachofaa pikipiki zote.

Magurudumu yote mawili ya meno lazima yawe katika mstari mmoja. Ubao ulionyooka ukiegemezwa kwenye gurudumu la meno la nyuma huonyesha mara moja kama la mbele limekengeuka. Kadhalika, minyororo ya namba 420 na 428 ina hatua sawa ya milimita 12.7, lakini upana wake ni tofauti. Jicho hudanganyika kwa urahisi. Mnyororo usiolingana na meno yake huyala, na ukikatika waweza kulifunga gurudumu la nyuma ghafla.

Umeme

Pikipiki nyingi za zamani za aina hii zilitumia umeme wa volti 6. Injini za siku hizi hutoa volti 12. Balbu ya volti 6 ikipewa volti 12 huungua mara moja. Hivyo betri, balbu, honi na kifaa cha kudhibiti chaji havina budi kubadilishwa pamoja na injini, na nyaya zifungwe mbali na bomba la moshi.

Breki

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Nishati ya chombo kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki kwa nusu, bali hufikia mara 2.25. Ikiwa breki zaweza kupunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde, pikipiki iendayo kilomita 40 itasimama baada ya mita 21. Iendayo 60 itahitaji mita 46. Mtoto akiingia barabarani mita 30 mbele, tofauti hiyo ni uhai wake.

Kwa hiyo anayeongeza injini na kuziacha breki zilizotengenezwa kwa injini ndogo hajamaliza kazi. Viatu vya breki, kebo zake na ngoma zikaguliwe. Ikiwa havitoshi, atumie injini yenye ukubwa ule ule wa zamani.

Kuwasha na kusajili

Kabla ya kuwasha, oili ijazwe kwa kipimo. Injini hizi hutumia chini ya lita moja. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi: kwa ukoo wa Super Cub kawaida ni milimita 0.05. Nafasi ya plagi huwa milimita 0.6 hadi 0.7. Katika kilomita 500 za kwanza injini isilazimishwe kwenda mbio wala kubebeshwa mzigo mzito, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa hubeba chembe za chuma.

Mwisho, kadi ya usajili hutaja namba ya injini pamoja na namba ya fremu. Injini ikibadilika, mmiliki apeleke taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania akiwa na hati ya ununuzi. Hati hiyo humkinga pia asije akatuhumiwa kuwa na injini ya wizi.

Kuinua injini na kukaza bolti mbili ni kazi ya saa chache. Kupima uzito wa hewa, idadi ya meno, volti na mita za kusimama ni kazi ya penseli na kipande cha karatasi; nayo ndiyo itangulie.