Anga la Buluu na Mtoto wa Jicho

Kuchora maisha ya kila siku si jambo geni mkoani Dodoma. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, inaonyesha watu na wanyama kwa rangi nyekundu. Wazee wanaojifunza leo kuchora kwa rangi za maji huiendeleza jadi hiyo: mbuyu uliopukutisha majani, mbuzi kisimani, anga safi la kiangazi.

Zoezi hilo laweza pia kufichua maradhi ya macho. Mtoto wa jicho huitia lenzi ukungu na umanjano taratibu mno, hata mgonjwa asitambue. Rangi ya buluu ndiyo hufifia zaidi. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipougua, picha zake zilitawaliwa na wekundu na hudhurungi. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akaendelea kuchora.

Basi mzee anayelipaka anga la Julai rangi ya udongo asichekwe. Hilo si ushahidi wa ugonjwa, bali ni dokezo: apelekwe kupimwa. Lenzi iliyoharibika huondolewa, ya bandia ikawekwa, na wengi hurejeshewa uoni wao.