Mkao Kwanza, Hesabu Baadaye

Katika kijiji kama Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba huko Maniema, mashariki mwa Kongo, kijana anayetaka kujenga nguvu ana kifaa kimoja cha hakika: mwili wake mwenyewe. Asijihesabu maskini kwa hilo. Hata wanajimnastiki wanaoning'inia kwenye pete mbele ya majaji wa Olimpiki wamejengwa zaidi na uzito wa miili yao kuliko na vyuma. Kinachowatenganisha na kijana anayepiga pushapu hamsini chini ya mwembe ni mkao, yaani jinsi viungo vinavyopangwa wakati kazi inaendelea. Na mkao hufundishika Nyangwe au Kabambare kama unavyofundishika Tokyo, mradi mtu akubali kupunguza hesabu yake kwa muda.

Majaji wa jimnastiki ya wanaume wanalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Mkao wa nguvu kwenye pete lazima ushikiliwe bila kutikisika kwa sekunde 2. Mwili ukikosea pembe inayotakiwa kwa nyuzi zisizozidi 15, mchezaji hukatwa alama 0.10; kosa likifika hadi nyuzi 30, hukatwa 0.30; likifika hadi 45, hukatwa 0.50. Likizidi hapo, mkao wenyewe hauhesabiwi, kana kwamba hakuufanya.

Ukali huo una sababu ya kimwili kabisa. Chukua mkao wa msalaba, ule uliompa sifa Albert Azaryan, Mwarmenia aliyeuchezea Umoja wa Kisovieti na kushinda dhahabu ya pete mwaka 1956 na tena 1960. Mwili unasimama wima hewani na mikono imenyooshwa pembeni. Mchezaji akikunja viwiko kidogo tu, umbali kati ya bega na pete unapungua, na kadiri umbali huo unavyopungua ndivyo mzigo unaolielemea bega unavyopungua. Kwa macho ya mtazamaji ni msalaba uleule. Kwa bega, ni kazi nyepesi zaidi. Karibu kila kosa la mkao liko hivyo: ni njia ya mwili kukwepa mzigo. Kiuno kinachoning'inia kwenye pushapu kimeliondolea tumbo kazi yake. Miguu inayorushwa mtu anapojivuta juu inausaidia mgongo usifanye kazi. Mwili hukwepa bila kumwuliza mwenyewe, na unakwepa zaidi ukichoka.

Watu wa Maniema wanaujua mwili uliopangwa vizuri, ingawa hawauiti mazoezi. David Livingstone, aliyefika Nyangwe Machi 1871 na kukaa hapo hadi Julai, aliwatazama kwa miezi wanawake waliokuja sokoni na mizigo yao. Leo pia mizigo huenda sokoni kichwani. Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Kenya, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, Wajaluo wakibeba kichwani na Wakikuyu kwa mkanda wa paji la uso. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nishati juu ya ile ya kutembea mikono mitupu. Kazi iliyofuata mwaka 1995 ilieleza kwamba siri iko katika mwendo wao, unaohifadhi nishati kutoka hatua hadi hatua. Simshauri mtu abebe mizigo kama mazoezi. Shingo za mama zetu zimelipa vya kutosha. Ninalotaka lionekane ni kwamba ustadi wa mwili hupunguza upotevu, na kwamba ustadi huo hupatikana kwa kurudia jambo moja kwa namna ileile, si kwa kujikamua.

Sasa tuingie kazini. Tafuta fimbo iliyonyooka, mpini wa fagio unatosha. Kaa katika mkao wa pushapu, kisha mwombe yaya au rafiki ailaze juu ya mgongo wako. Fimbo iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya makombe ya mabega, na kifandugu pale mgongo unapoishia. Ikiachana na kisogo, kichwa kimeanguka. Nafasi ya kiunoni ikiwa kubwa kiasi cha kupitisha ngumi, tumbo limelala. Shuka polepole na fimbo ikiwa juu, panda nayo, na pale inapopoteza mguso mmoja, pushapu zako zimeishia hapo, hata kama kifua kinadai kina nyingine kumi. Wengi waliozoea hamsini hukuta wana nane. Hizo nane ndizo nguvu walizonazo kweli.

Kinachorekebisha kiuno ni fupanyonga. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, na uingize kiganja chini ya kiuno. Kaza makalio na uvute kinena kuelekea kifuani mpaka kiuno kikibane kiganja. Toa mkono bila kulegeza. Sasa nyoosha mguu mmoja, halafu wa pili, ukiinua na mabega kidogo kutoka mkekani. Kiuno kikiinuka, rudisha magoti kifuani na ushike hapo. Sekunde kumi zilizo safi zinafaa kuliko dakika nzima ya kutetemeka na mgongo uliopinda. Mkao huu, mwili ukiwa umejikunja kidogo sana kwa mbele, ndio msingi wa karibu kila kitu katika jimnastiki: kusimama kwa mikono, kuning'inia, kujisukuma. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu kwa mwezi mzima, ningechagua hili.

Baada ya hapo, chagua mzigo unaoweza kuubeba bila kupinda. Hapa namba zinasaidia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Magoti yakiwa chini, hubeba 49. Mikono ikiwekwa juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60, hubeba 41 tu. Miguu ikiinuliwa kimo hichohicho, hubeba 74. Kwa kijana wa kilo 60, hiyo ni tofauti kati ya kilo 25 hivi na kilo 44. Benchi la mbele ya nyumba, kisiki, ngazi ya kanisa au ya msikiti: kila kimoja ni uzito mwingine. Mimi hupendelea kuinua mikono kuliko kushusha magoti, kwa sababu mwili unabaki mrefu na kiuno kinaendelea kujifunza. Ukipata mara kumi na mbili zilizonyooka, shuka kwenye kitu kifupi zaidi.

Kuna sehemu moja ambayo karibu kila mtu huiacha: makombe ya mabega. Mwisho wa pushapu, mikono ikiwa imenyooka, usiishie hapo. Endelea kusukuma ardhi mpaka mgongo wa juu upande na makombe yaachane. Kwenye kujivuta juu ni kinyume chake. Ning'inia kwenye boriti au tawi mikono ikiwa imenyooka kabisa, kisha, bila kukunja viwiko hata kidogo, shusha mabega mbali na masikio. Mwili utapanda kidogo tu. Rudia hilo peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kutamani kupitisha kidevu. Asiyeweza kujivuta aanzie juu: apande kwa kukanyaga kisiki, kidevu kikiwa juu ya boriti, kisha ashuke kwa sekunde tano. Tawi la mwembe linafaa likiwa hai na nene, nalo lijaribiwe kwanza kwa kuning'inia miguu ikiwa bado chini. Mwamba wa goli usiofungwa ardhini usiuguse. Huanguka na mtu.

Anayepanda michikichi kukata chikichi, au anayepiga kasia mtoni kutwa, tayari ana mgongo na mikono yenye kazi nyingi. Huyo asiongeze kujivuta jioni. Afanye ya kusukuma na ya tumbo, maana ndiyo anayoyakosa. Wanaosukuma baiskeli zilizojaa mizigo kwenye barabara za Kasongo wao wafanye kinyume: waning'inie, wafungue kifua.

Katika kusimama kwa mikono, wengi hutupa miguu juu huku mgongo ukiwa umeelekea ukuta, na matokeo yake ni mwili wenye upinde. Geuka: tumbo lielekee ukuta. Weka viganja chini, pandisha miguu ukutani hatua kwa hatua, sogeza mikono karibu na ukuta kadiri unavyoweza. Ukuta hautakuruhusu kupinda. Ukichoka, tembea kurudi chini kabla mikono haijalegea.

Tahadhari moja nzito ni kuhusu kano. Misuli huongezeka nguvu mapema. Kano, zile kamba zinazoishikisha misuli kwenye mfupa, huchelewa sana kuimarika. Ndiyo maana kijana hujisikia shujaa kwa wiki chache, kisha kiwiko au kifundo cha mkono kinaanza kuuma. Maumivu ya misuli yanayopita baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, kwenye kiungo chenyewe, yanakutaka upunguze mzigo, na yakiendelea, umwone mtaalamu wa afya. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na chakula kiwe na samaki, maharagwe au karanga kando ya bukari na sombe.

Ndugu msomaji, jioni ya leo chukua fimbo na mtu mmoja unayemwamini. Mwambie akuhesabie pushapu zilizonyooka tu, na akunyamazie zilizopinda. Andika namba utakayoipata, hata ikiwa ndogo, kisha fanya kazi kutoka hapo.