"Memori haitoshi": kosa lenye kuja na kwenda, na namna ya kulitafuta

Mwenye alisoma agronomia kama mimi anajua: lisansi inatufundisha udongo na mbegu, lakini ukifika kwenye kazi wanakupatia mashini. Mimi niliingia katika programu moja ya mbegu hapa Kivu Kusini. Siku ya tatu wakaniambia: wewe kijana, utachunga baze ya wakulima.

Ile baze ilikuwa faili moja ya Access 2010, imewekwa kwenye mashini moja ya biro, na mashini zingine nne zinaifungua kwa njia ya rezo. Asubuhi kila kitu kinatembea muzuri. Kuanzia saa nane ya mchana, ujumbe unatokea: memori haitoshi. Programu inajifunga. Unaifungua tena, inatembea. Kesho yake hakuna kitu. Kesho kutwa inaanguka mara mbili.

Munaweza kusema ni usumbufu tu. Hapana. Access inahifadhi fishi ya mtu pale unapoitoka na kwenda kwa ingine. Programu ikianguka mbele ya pale, yenye uliandika inapotea. Mwezi wa tisa, siku ya kugawa maharagwe ya msimu A, mama mmoja alifika, alitoka kwake alfajiri kwa miguu. Jina lake halikuwa kwenye liste. Shefu akamugeukia stajieri wetu, mbele ya watu: "Wewe hauna uangalifu." Kisha yeye akaniambia polepole: "Yaya, huyu mama nilimuandika." Mimi nilinyamaza.

Sasa tuone namna tulitafuta.

Kwanza tulikisia. Ujumbe unasema memori, basi tukanunua memori: mashini ya stajieri ikatoka GB 4 ikaenda GB 8. Kosa likabaki. Sababu ni hii: ile Access yetu ilikuwa ya biti 32, na programu ya namna ile kwa kawaida inapewa na Windows nafasi ya GB 2 tu, hata mashini iwe na 8 ao 16. Ni kama kutia mbolea kwenye muhogo wenye mozaiki. Mbolea ni kitu kizuri, lakini haifukuzi virusi.

Pili, tukafungua daftari. Kosa lenye kuja na kwenda huwezi kulishika kwa macho, lazima uliandike. Tuliweka mistari ine: saa ngapi, mashini gani, ulikuwa unafanya nini, na programu iko wazi tangu saa ngapi. Kila mtu aandike, hata shefu. Kisha wiki mbili picha ikaonekana. Kosa lilikuja karibu kila mara kwenye mashini ya stajieri, programu ikiwa wazi tangu asubuhi, na kisha kutoa liste za vijiji. Yeye njo alikuwa anaona kosa zaidi sababu yeye njo alikuwa anatoa liste zaidi.

Tatu, tukaangalia memori yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja: Windows inakuonyesha kila programu inakula memori kiasi gani. Tukatoa liste moja, namba ya Access ikapanda. Tukafunga liste, namba haikushuka. Liste ya pili, ikapanda tena.

Ine, tukajaribu kitu kimoja kwa mara moja. Jioni, watu wote wametoka, nilikaa kwenye mashini ingine nikatoa liste moja kisha ingine. Kosa likakuja. Basi haikuwa mashini ya stajieri, haikuwa watu wengi kwenye rezo, na haikuwa vidole vyake. Kesho yake tukaandika fishi siku nzima bila kutoa liste hata moja: kimya.

Ikabaki kodi ya ile liste. Kwa kila mukulima, kodi ilikuwa inafungua tablo ya mbegu, inachukua namba, inaendelea kwa mukulima mwingine bila kufunga. Kila tablo yenye kubaki wazi inashika kipande kidogo cha memori. Wakulima mia tano, vipande mia tano. Ukifunga programu, vyote vinaachiliwa. Njo maana asubuhi kila kitu kilikuwa muzuri. Dawa ilikuwa mistari miwili: funga tablo, achilia.

Na ile kodi, bandugu, ni mimi niliiandika. Niliikopi mbiombio siku moja, ikatembea, nikaisahau.

Tulingoja wiki moja bila kosa, ndipo tukafanya usafi mwingine. Tungefanya vyote pamoja, hatungejua nini iliponya. Tuligawanya baze: data ikabaki kwenye mashini moja, na kila mtu akapata kopi yake ya formuleri. Picha za wakulima tukazitoa ndani ya tablo, tukaziweka kwenye foda, sababu faili ya Access haiwezi kupita GB 2. Tukaacha wifi tukarudi kwa kebo, maana rezo ikikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika. Na kila ijumaa, watu wote wakitoka, tunatoa kopi kwanza, kisha tunakandamiza faili.

Nilieleza yote mbele ya shefu na mbele ya stajieri, palepale alipogombezwa. Mama yule alipata maharagwe yake kwenye akiba, lakini wiki mbili nyuma, wenzake wameshapanda.

Basi siku mtakaposikia kwenye biro "mashini ina mapepo" ao "ni huyu mtoto", muombe daftari kwanza.