Luano: pikipiki inakataa kuwaka asubuhi, lakini baridi siyo mkosaji peke yake

Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, wakaaji wa Luano wanaijua sauti hii kabla jua halijatoka: kiki inapigwa mara kumi, mara ishirini, injini inakohoa kidogo, kisha kimya. Motari aliyepaswa kumfikisha msafiri kwenye uwanja wa ndege saa kumi na moja alfajiri anabaki uani, anatoka jasho ndani ya koti. Msafiri anachukua mwingine. Jioni mwenye pikipiki atataka pesa yake yote, na habari za baridi hataki kuzisikia.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Lakini huko Ulaya pikipiki zinawaka kwenye baridi kupita hiyo. Shida ni kwamba baridi yetu inakuja pamoja na kiangazi, na kiangazi cha Katanga ni vumbi. Filtri ya hewa iliyojaa udongo mwekundu, buji iliyochoka, batri nusu mfu: wakati wa joto injini inavumilia yote hayo. Baridi ikija, haivumilii tena.

Kinachowaka ndani ya injini ni mvuke wa esansi uliochanganyika na hewa. Kukiwa baridi, mvuke unakuwa kidogo. Ndiyo sababu karibirateri ina starteri, kale kakono kadogo kanakozidisha esansi au kupunguza hewa. Wengi hawakagusi kamwe, na kwenye pikipiki nyingine kalivunjika zamani bila mwenyewe kujua. Fungua robine, vuta starteri, piga kiki mbili tatu kontakti ikiwa imefungwa, halafu washa kontakti na upige tena bila kugusa gazi. Ikiwaka, ngoja dakika moja au mbili, kisha irudishe. Ukiisahau, utachoma esansi bure na buji itajaa masizi.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kukunja gazi kwa hasira. Injini inajaa esansi, buji inalowa, na hapo hata fundi atahangaika. Ukisikia harufu kali ya esansi, simama. Rudisha starteri, fungua gazi mpaka mwisho na upige kiki mara kadhaa ili hewa ikaushe ndani.

Ikikataa bado, fungua buji, itakuambia mengi. Ikiwa imelowa, esansi inafika lakini haiwaki: ikaushe, isugue, upime nafasi ya cheche, ambayo kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, esansi inazidi hewa. Mara nyingi ni filtri iliyoziba. Filtri ya sponji inaoshwa kwa sabuni, inakaushwa vizuri na kupakwa mafuta kidogo. Ile ya karatasi haioshwi, inapulizwa kutoka ndani au inabadilishwa. Kwa anayepita barabara za udongo kila siku, kungoja mwezi mzima ni kuchelewa.

Buji ikiwa kavu kabisa, esansi haifiki. Legeza skrubu ya chini ya karibirateri, pokea esansi ndani ya chupa nyeupe: maji yanakaa chini, utayaona. Sisemi kila Kadhafi wa kando ya barabara anadanganya, lakini esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka kwa taabu sana asubuhi. Dondosha tone kwenye karatasi. Esansi safi inakauka bila alama. Mafuta ya taa yanaacha doa.

Pikipiki za magurudumu manne zina shida yao: nyingi hazina kiki, na zile za gia otomatiki hata kuzisukuma hakusaidii. Hapo batri ndiyo kila kitu. Ikipimwa baada ya kupumzika, batri nzima inaonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12, usiilazimishe, ichaji. Hakikisha pia umeshika freni, kwa maana nyingi haziwaki bila hiyo. Na kama injini inawaka vizuri mchana lakini asubuhi inakataa hata baada ya hayo yote, mwombe fundi apime nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Zikibana, nguvu inavuja.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya msafiri aliyepotea. Wengine wanasogeza mbabula yenye makala karibu na injini ili ipate joto. Esansi haihitaji kugusana na makala ili ishike moto, mvuke wake ukiyafikia unatosha. Wengine, kwa kuogopa wezi, wanalaza pikipiki ndani ya nyumba na kuiwasha humo humo, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, watoto wamelala. Ule moshi una gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu usingizini bila kumwamsha. Isukume nje kwanza, ndipo uvute starteri.