Dalali ni wa Nani? Kuuza na Kununua Nyumba Al Amerat



Kila nikitoka likizo Maskati, ambako nafikia kwa shangazi yangu Al Amerat, hapakosi mtu wa kunivuta pembeni na kuniuliza: "Eti ndugu yangu, mjomba anataka kuuza nyumba kule, anasema kapata dalali. Tufanyeje?" Maswali yamekuwa mengi, kwa hiyo nimeona bora niyaandike hapa mara moja, kila mtu asome.

Mimi si mwanasheria wala dalali, nasoma uhasibu. Lakini nimeshiriki mambo mawili tangu mwanzo hadi mwisho: kuuzwa kwa nyumba ya marehemu babu, yenye warithi saba waliotawanyika nchi nne, na baadaye kununuliwa kwa nyumba ndogo ya shangazi. Kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi, kupiga hesabu na kuwapigia simu warithi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwa nini Al Amerat, na kwa nini wewe

Kwa wasioijua, Al Amerat ni mojawapo ya wilaya sita za mkoa wa Maskati; nyingine ni Maskati yenyewe, Matrah, Bausher, Seeb na Quriyat. Iko nyuma ya milima. Unaifikia kwa kupitia Wadi Adai, au kwa barabara ya mlimani inayotokea Bausher. Wapenzi wa kriketi wameshaiona kwenye televisheni, maana mechi za Kombe la Dunia la T20 la 2021 zilichezwa pia kwenye uwanja wa pale.

Wazee wetu wengi waliotoka Zanzibar baada ya 1964, na hasa walioingia Oman baada ya 1970, walijenga huko na sehemu nyingine za Maskati. Raia alipewa kiwanja na serikali, mara nyingi mita za mraba 600 hivi, akajenga kidogo kidogo, wengine kwa mkopo wa Benki ya Nyumba iliyoanzishwa 1977. Leo waliojenga wamezeeka au wametangulia mbele ya haki. Watoto wako Maskati, Unguja, Dubai na London. Nyumba inabidi iuzwe au igawanywe, na simu inakuja kwako wewe uliye chuoni: "Wewe ndiye msomi wetu, hebu tutazamie karatasi hizi."

Kumbe ukikosea hapo, hasara si ya pesa tu. Nimeona ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya nyumba iliyouzwa vibaya.

Dalali anakula wapi?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ukilielewa hili mengine yote ni mepesi. Dalali halipwi kwa kukutafutia bei nzuri, analipwa biashara ikifungwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme nyumba yenu inaweza kuuzwa leo riali 60,000, na kamisheni mliyokubaliana ni asilimia 2. Dalali atapata riali 1,200. Sasa tuseme mkisubiri miezi miwili atatokea mtu wa riali 63,000. Ninyi mtaongeza riali 3,000. Dalali ataongeza riali 60 tu. Miezi miwili ya kupokea simu, kufungua mlango na kupanda gari na wateja, kwa riali 60! Kwa nini asikwambie "uzeni leo, soko limelala"? Akifunga hii leo, kesho anakwenda kutafuta 1,200 nyingine.

Hii haina maana kwamba dalali ni mwizi. Ni hesabu yake, na mimi na wewe tungekuwa yeye tungeipiga hivyo hivyo. Na kwa mnunuzi ni yale yale: ukimwambia "nimeipenda", hatakuwa na haja ya kukuonyesha ufa wa ukutani. Kwa hiyo swali la "dalali ni wa nani?" jibu lake ni hili: dalali ni wa biashara yenyewe, si wa muuzaji wala wa mnunuzi. Mtumie kwa kile anachokijua, yaani nani anauza, nani ananunua, mtaa upi unatafutwa. Lakini bei na karatasi zitazame mwenyewe.

Shangazi yangu alilijua hili bila kusoma uhasibu. Dalali mmoja, kijana mwenye adabu zake, alimwambia: "Bi mkubwa, bei hii ni ya leo tu, kuna mtu anakuja na pesa jioni." Shangazi akamjibu: "Basi mwanangu, mpe huyo wa jioni, mimi kesho nitakuja kuangalia nyingine." Wiki ya pili kijana akapiga simu, nyumba bado ipo.

Kwa anayeuza: karatasi kwanza, dalali baadaye

Kosa la wengi ni kumtafuta dalali kabla karatasi hazijakamilika. Mnunuzi anapatikana, anasubiri, anachoka, mnaanza kushusha bei ili asikimbie. Hakikisheni haya mapema:

1. Mulkia, yaani hati ya umiliki. Iko kwa jina la nani? Kama ni jina la marehemu, bado hamuwezi kuuza. Mnahitaji kwanza hati ya mahakama inayotaja warithi na mafungu yao, kisha umiliki uhamishiwe kwao.

2. Krokii, yaani ramani ya kiwanja. Ilinganisheni na nyumba ilivyo. Kama baba aliongeza vyumba viwili uani bila ruhusa ya baladia, mnunuzi mwenye macho ataligundua hilo na atalitumia kukata bei.

3. Rahani. Kama nyumba ilikopewa na deni halijaisha, benki ina haki yake na haiwezi kuhamishwa mpaka deni lilipwe au benki ikubali utaratibu. Ulizeni benki iwape barua ya kiasi kilichobaki.

4. Wakala. Warithi walio nje watahitaji kumpa mtu mamlaka ya kusaini. Wakala unaoandikwa nje ya Oman lazima uthibitishwe, kwa hiyo mpigieni simu ubalozi mapema, si wiki ya mwisho. Na hapa nasisitiza: toa wakala wa kuuza nyumba ile tu, yenye namba ile ya kiwanja, na kama inawezekana andika bei ya chini kabisa unayoikubali. Wakala wa jumla, wa "afanye lolote kwa niaba yangu", usiutoe hata kwa kaka yako. Simaanishi kwamba kaka yako ni mbaya. Ni kumlinda naye asije akalaumiwa.

Kwetu sisi, karatasi hizi zilichukua muda mrefu kuliko kumpata mnunuzi. Lakini alipopatikana, hakuna mrithi aliyesema hakuambiwa.

Kukubaliana na dalali

Oman ina sheria ya udalali wa nyumba na viwanja tangu 1986, na dalali anatakiwa awe na leseni. Mwombe akuonyeshe, wala usione haya. Mtu anayekaa barazani na simu mbili anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini likitokea la kutokea utamshitaki wapi? Kenya nako kuna bodi ya kusajili mawakala wa nyumba chini ya sheria ya 1984, ingawa sote tunajua mitaani ni wangapi wasiojisajili. Na waliokaa Dar wanajua desturi ya kumpa dalali kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kukuonyesha chumba. Desturi zinatofautiana, kwa hiyo usidhani. Andikeni:

- Kamisheni ni kiasi gani, na nani anailipa: muuzaji, mnunuzi, au wote wawili?
- Inalipwa lini? Jibu zuri ni: siku umiliki unapohama, si siku mnunuzi aliposema "nimekubali".
- Dalali huyu ni peke yake, au mnaweza kuwapa na wengine? Kama ni peke yake, kwa muda gani?
- Akitokea mnunuzi kwa njia ya ndugu au jirani, dalali analipwa au halipwi?
- Ada ya serikali ya kuhamisha umiliki, inayohesabiwa kwa asilimia ya bei, inabebwa na nani?

Ukurasa mmoja unatosha, uwe na saini mbili na nakala mbili. Kama hataki kuandika, hapo umeshapata jibu lako.

Kuhusu bei, waulizeni madalali watatu wasiojuana, tena kwa swali hili: "Nyumba ya mwisho uliyouza mtaa huu, iliuzwa ngapi?" Usiulize "yangu unaonaje?" Swali la pili linaletewa sifa, la kwanza linaletewa namba.

Kwa anayenunua: unaruhusiwa?

Wengi wetu hapa tuna pasi za Tanzania, Kenya au Uganda, na binamu zetu wana pasi za Oman. Kwa hiyo jueni hivi. Nyumba ya kawaida ya Al Amerat na kiwanja chake ni ya raia. Mgeni wa kutoka kwetu kwa kawaida haandikiwi mulkia. Tangu 2006 wageni wanaruhusiwa kumiliki katika maeneo maalumu ya kitalii, kama Al Mouj iliyoko Seeb. Kisha 2020 Wizara ya Nyumba, ambayo sisi tunaiita Iskani, ilifungua mlango mwingine: mgeni mkaazi anaweza kununua haki ya kutumia fleti kwa miaka 50 kwenye majengo ya ghorofa katika sehemu zilizotajwa za Bausher, Seeb na Al Amerat. Awe na umri wa miaka 23 au zaidi, na awe amekaa Oman miaka miwili. Unapata kukaa na kuitumia, ila ardhi haiwi yako.

Dalali akikwambia "usijali, tutaiandika kwa jina la binamu yako", simama hapo hapo. Iskani inamjua aliyeandikwa kwenye mulkia, basi. Binamu akifariki, warithi wake ndio wenye nyumba. Akiwa na deni, mdai wake anaitazama nyumba hiyo. Mapenzi ya kifamilia ni jambo jema, lakini hayasajiliwi.

Itazame nyumba siku mbaya

Al Amerat ni bonde lililozungukwa na milima, na maji ya mvua yanateremka kwa nguvu. Juni 2007, kimbunga Gonu kilipopiga, Wadi Adai ilifurika vibaya. Oktoba 2021 akaja Shaheen. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, waulize majirani wawili wazee: "2007 maji yalifika wapi?" Wakikuonyesha alama ukutani, umepata habari ambayo dalali hakukupa. Tazama krokii kiwanja kiko umbali gani na mkondo wa wadi, hata kama leo ni mchanga mkavu na watoto wanacheza mpira.

Halafu nenda mara mbili: mara moja mchana wa jua kali, uwashe viyoyozi vyote kwa pamoja uone kama umeme unahimili, mara ya pili jioni, uone msongamano wa magari na kelele za jirani. Panda juu ya paa. Tazama tangi la maji. Omba risiti za mwisho za umeme na maji, usije ukarithi deni la mtu.

Arbuni na siku ya mwisho

Ukikubali bei utaombwa arbuni, ili muuzaji asimuuzie mwingine. Toa, lakini kidogo, na upate karatasi inayosema: bei kamili, tarehe ya kwenda Iskani, na arbuni itakuwaje kama muuzaji akighairi, kama wewe ukighairi, na kama benki ikikataa mkopo. Hali hizi tatu zote ziandikwe. Ugomvi mwingi wa arbuni nilioushuhudia ulitokana na ile ya tatu.

Pesa zilizobaki zisipite mkononi mwa dalali. Ziwe hundi ya benki yenye jina la mwenye nyumba, au kila mrithi na hundi yake kwa fungu lake, na itolewe siku ile ile mnapohamisha umiliki. Sisi tulitoka Iskani na hundi saba. Dalali naye alipata yake pale pale, akashukuru, na mpaka leo shangazi akimwona sokoni wanasalimiana vizuri.

Kwa kumalizia, simwambii mtu aache kutumia dalali. Dalali mzuri anakuokolea miezi ya kuzunguka juani. Ninachosema ni kwamba usimpe kazi ambayo si yake. Kuwalinda ndugu zako si kazi ya dalali. Wewe unayeweza kusoma karatasi, hiyo ni kazi yako, hata kama uko mbali na mitihani iko mlangoni. Waambie wakutumie picha za mulkia na krokii kabla hawajasaini kitu.

Mwenye uzoefu wa Mombasa, Kampala au Bukavu naye aandike toleo lijalo.