Kijidudu cha Kifua Kikuu Kinapokosa Hewa

Kila mwaka mpunga unapoanza kuvunwa hapa Kyela, kliniki ya kifua kikuu hupungua watu. Msimu mmoja alinijia baba mmoja mvuvi wa kando ya Ziwa Nyasa, mwenye majaruba yake pia. Alikuwa amemeza dawa miezi 2. Kikohozi kimekwisha, uzito umeongezeka, na darubini haikuona kijidudu hata kimoja katika makohozi. Akasema, "Mama, mimi nimepona. Naomba nipumzike dawa, nivune kwanza." Nilimkatalia. Akaitikia kwa heshima zote, wala hakurudi. Miezi kadhaa baadaye aliletwa akitema damu.

Je, ndugu msomaji, vijidudu vile vilikuwa wapi?

Kijidudu cha kifua kikuu ni bakteria apendaye sana hewa ya oksijeni. Kikipata hewa na chakula hujigawa mara moja kwa muda wa karibu saa 20. Mwili nao hujitetea kwa kukizungushia ukuta wa chembe za kinga, na ndani ya kinundu hicho hewa huwa haba. Ungetegemea kife. Hakifi!

Kina protini mbili za kupima hewa, ziitwazo DosS na DosT. Hewa ikipungua, hizo humpasha habari mkuu wao, DosR, naye huziamsha jeni zipatazo 48, yaani maagizo ya urithi yaliyokuwa yamekaa kimya. Kijidudu huacha kujigawa. Hata kupumua hubadilisha: hutegemea zaidi kimeng'enya kingine kinachoweza kunasa hewa kidogo sana, na huweza kutumia nitrati badala ya oksijeni. Wenye majaruba watanielewa upesi. Maji yakiwapo, kambale hupumua kwa matamvua kama samaki wengine. Yakikauka, hujificha topeni na kuvuta hewa ya juu. Usipochimba tope utaapa kwamba jaruba halina samaki.

Basi na dawa ndivyo zinavyokuta. Isoniazidi huvuruga ujenzi wa ukuta wa kijidudu, hivyo huua haraka vile vinavyojigawa. Kilicholala hakijengi kitu, nayo hukipita. Rifampisini na pirazinamidi ndizo hasa huvifikia hivi vivivu, lakini polepole. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa miezi 4, ingawa anajiona mzima.

Anayelalamika kwamba miezi 6 ni mingi ajue kwamba zamani tiba ilizidi mwaka. Mpango wetu wa taifa ulianza mwaka 1977, akiusaidia Daktari Karel Styblo, na mafunzo yaliyopatikana hapa Tanzania kuhusu tiba ya muda mfupi yenye usimamizi yalienezwa duniani kote na Shirika la Afya Duniani. Kwa kifua kikuu sugu sasa iko bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Hiyo huzima mtambo wa nguvu wa kijidudu, hata kilicholala.

Yule baba tulimpima kwanza kama vijidudu vyake vimekuwa sugu. Kwa bahati havikuwa. Alianza upya tangu siku ya kwanza, mkewe akimsimamia kila asubuhi anapomeza. Msimu uliofuata mpunga wake ulivunwa na shemeji zake, naye alikaa kivulini akihesabu magunia, vidonge vikiwa mfukoni mwa shati.